Deni la Haki na Kima cha Alama

Kila mwaka, aghalabu katika mwezi wa Mei, vijana zaidi ya milioni mbili wa India huketi siku moja na wakati mmoja, katika miji mikubwa na midogo ya nchi yao, kuufanya mtihani mmoja ambao ndio mlango wa kuingilia masomo ya utabibu, ilhali nafasi zinazowangoja katika vyuo vyote, vya serikali na vya watu binafsi, kwa miaka ya karibuni zimekuwa laki moja na ushei tu. Mtahiniwa hutakiwa kujibu maswali 180, kila jibu sahihi likimpa alama 4 na kila jibu la makosa likimpokonya alama 1, na jumla ya alama zote ni 720. Sheria imeweka kima cha chini ambacho asiyekifikia hasikilizwi: mtahiniwa wa kawaida sharti alingane na nusu ya wenzake wote au awapite, na mtahiniwa atokaye katika matabaka na makabila yaliyotengewa nafasi kwa mujibu wa katiba sharti alingane na wanne katika kila kumi au awapite. Mwaka 2023 kanuni hiyo ilipogeuzwa kuwa alama, wa kwanza alitakiwa apate 137 na wa pili 107. Tafauti yao ni alama 30, yaani maswali yasiyozidi manane. Na juu ya maswali hayo manane taifa zima hugawanyika, likirudia swali ambalo wanafalsafa na wanavyuoni wamelijadili tangu zama za kale: je, haki ni kuwapimia watu wote kwa kipimo kimoja, au ni kumpimia kila mtu kwa kuzingatia hali iliyomkuta?

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tukijue kile kinachohukumiwa, kwa maana wengi hushutumu jambo wasilolichungua. Kima cha chini si hati ya kuingilia chuo, bali ni idhini ya kusimama katika safu. Katika vyuo vya serikali, ambako ada ni nafuu na ushindani ni mkali, kijana wa tabaka la chini aingiaye huingia kwa alama zilizo mbali sana juu ya 107. Na yule ambaye alama zake zimegusa kima tu, awe wa tabaka lolote, hana atakalolipata huko. Anayenufaika hasa kwa udogo wa kima hicho ni mwenye mali ya kulipa ada nzito za vyuo vya watu binafsi, ambavyo viti vyake wenye alama nzuri na mifuko mitupu hulazimika kuviacha. Tena, mwezi Septemba 2023, viti vya masomo ya ubingwa wa tiba vilipobaki vitupu, serikali ilikishusha kima cha mtihani wa masomo hayo hata kikafika sufuri, kwa watahiniwa wa matabaka yote bila kubagua. Kwa hiyo haiwi kweli kusema kwamba kima hiki ni ukuta mtakatifu unaobomolewa na maskini peke yao. Ukuta huu umekwisha kushushwa kwa ajili ya fedha na kwa ajili ya viti vitupu, na lililobaki kuulizwa ni kama wafaa kushushwa kwa ajili ya haki.

Swali hili lina umri sawa na jamhuri yenyewe. Katika jimbo la Madras amri ya serikali ilikuwa ikizigawa nafasi za vyuo vya utabibu na uhandisi mafungu ya 14: 6 kwa Wahindu wasio wa tabaka la juu la Brahmani, 2 kwa Wahindu walioachwa nyuma, 2 kwa Brahmani, 2 kwa wale wa matabaka yasiyoguswa walioitwa Harijan, 1 kwa Waislamu, na 1 kwa Wakristo wa Kihindi na machotara wa Kiingereza. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu iliibatilisha amri hiyo kwa kuwa iliwabagua raia kwa dini na tabaka. Na mwaka uo huo bunge likaifanyia katiba mabadiliko yake ya kwanza, likiiruhusu dola kuweka masharti maalumu kwa ajili ya kuwainua walio nyuma kijamii na kielimu. Ndipo zilipopata msingi wa kisheria nafasi zilizotengwa ambazo leo, katika hesabu ya serikali kuu, ni 15 katika kila mia kwa matabaka yaliyokuwa hayaguswi, 7.5 kwa makabila ya misituni na milimani, na 27 kwa matabaka mengine yaliyoachwa nyuma. Lakini kutenga kiti ni jambo moja, na kupunguza alama za anayekikalia ni jambo la pili. Na juu ya hili la pili majaji wenyewe hawakuwa na neno moja. Mwaka 1981 waliukubali uamuzi wa Madhya Pradesh wa kuondoa kabisa kima cha chini kwa matabaka na makabila hayo katika masomo ya kwanza ya utabibu. Mwaka 1999, katika masomo ya ubingwa, walilikataza jimbo la Uttar Pradesh kushusha kima hadi 20 katika mia ilhali wengine wakitakiwa 45, wakisema kwamba pengo likipanuka kupita kiasi wanafunzi hawawezi kwenda pamoja.

Wanaoutetea usawa wa kipimo wana hoja yenye nguvu, na si insafu kuipuuza. Aristotle aliuliza, zikiwapo filimbi za kugawanywa, apewe nani iliyo bora. Akajibu kwamba apewe mpigaji bora, wala si mwenye nasaba bora, kwa kuwa filimbi imeundwa ili ipigwe vizuri. Basi, husema watu hawa, utabibu umewekwa ili wagonjwa wapone, na kiti cha kujifunza utabibu ni haki ya mwenye akili kali zaidi, awe mtoto wa Brahmani au mtoto wa mfagiaji. Na kumpa mwingine kwa sababu ya machungu ya babu zake ni kumdhulumu aliyestahiki kwa jasho lake. Huona pia kwamba kijana wa leo hakumfukuza mtu kisimani wala hakumzuia mtu mlango wa hekalu, na wanauliza kwa nini abebe dhima ya waliokufa.

Hoja hii ingekuwa kamili lau alama zingekuwa kipimo cha akili peke yake. Lakini alama ni kipimo cha mwisho wa safari, nazo hazisemi neno juu ya mwanzo wake. Jahazi lililong'oa nanga bandarini kwa tanga zima na upepo wa kusi nyuma yake, na ngalawa iliyosukumwa kutoka matopeni maji yakiwa yamekupwa, vikifika pwani moja kwa saa zinazotafautiana kidogo, mtazamaji aliye ufuoni ataandika saa na kusema jahazi limeshinda. Lakini baharia anayeijua bahari atauliza ni nahodha yupi aliyefanya kazi kubwa zaidi. Akili kali, shule yenye walimu, nyumba yenye taa na meza, lugha ya vitabu iliyo lugha ya mama, na fedha za kumlipa mwalimu wa mafunzo ya ziada mwaka mzima au miwili, vyote hivi huingia katika karatasi ya majibu, na msahihishaji hawezi kuvitenga. Mwezi Januari 2022 Mahakama ya Juu ya India ililisema jambo hili wazi ilipoamua kwamba ustahiki hauwezi kufungwa ndani ya matokeo ya mtihani, kwa kuwa mtihani hauonyeshi faida za kijamii na za kiuchumi walizozirithi baadhi ya watahiniwa.

Mwaka 1907 kijana mmoja wa tabaka la Mahar, lililohesabiwa najisi, aliufanya mtihani wa kumalizia shule mjini Bombay, akapata alama 282 katika 750, yaani pungufu ya 38 katika kila mia. Mtazamaji wa ufuoni angeandika kwamba huyu ni mwanafunzi wa wastani wa chini, akamfungia daftari. Lakini kijana huyo alikuwa amesoma shule yake ya kwanza akiketi juu ya gunia alilolichukua kutoka kwao na kurudi nalo jioni, kwa kuwa mfagiaji wa shule asingeligusa. Na alipopata kiu hakuruhusiwa kuugusa mfereji, bali alingoja mtumishi wa shule amfungulie, na siku mtumishi asipokuwapo alishinda na kiu yake. Kijana huyo ni Bhimrao Ambedkar, aliyekuja kupata shahada za juu za Columbia, New York, na za London, na kuiongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Sisemi kwamba kila mwenye alama 282 ni Ambedkar, kwa maana huo utakuwa uwongo na utaharibu hoja njema. Nasema kwamba tarakimu ile, kwa ukimya wake, isingeweza kumpambanua Ambedkar na mtu mvivu. Na kipimo kisichoweza kupambanua mambo mawili yaliyo mbali hivyo hakifai kupewa hukumu ya mwisho juu ya ustahiki wa mwanadamu.

Hapa ndipo suala linapoingia katika dini. Kwa karne nyingi watu wa Bara Hindi waliambiwa kwamba anayezaliwa chini amezaliwa chini kwa matendo yake ya maisha yaliyotangulia, na anayezaliwa juu anakula thawabu zake. Kama maneno hayo ni kweli, hakuna aliyedhulumiwa, hakuna deni, na kupunguza alama ni kuingilia hukumu iliyokwisha kupita. Lakini wapo Wahindu wengi, wa zamani na wa sasa, walioyakataa. Na Ambedkar mwenyewe aliyakataa hata akaiacha dini aliyozaliwa nayo, akaingia Ubudha mjini Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wake, wiki chache kabla ya kufariki kwake. Nasi tuliolelewa katika imani ya Mola mmoja aliyewaumba watu wote kutokana na baba na mama mmoja, hatuna njia ya kuyakubali. Kuzaliwa ni kudura. Hakuna aliyezaliwa katika nyumba ya vitabu kwa wema alioutanguliza, wala aliyezaliwa katika kibanda cha wachunaji ngozi kwa taksiri aliyoitenda. Waislamu wanakijua kisa cha kipofu Ibn Umm Maktum, aliyemjia Mtume akitaka kufundishwa wakati Mtume anazungumza na wakuu wa Makureshi, naye akakunja uso. Ikashuka aya ya kumlaumu Mtume, si mnyonge yule. Aliyekuja na haja ya elimu alikuwa na haki mbele ya waliokuja na fahari ya jaha.

Maadamu kuzaliwa si thawabu wala si adhabu, huwa lazima tuulize jina la kile anachopewa kijana anayeingia kwa alama 107. Wengi, hata miongoni mwa wanaokiunga mkono, hukiita hisani. Nami naamini kwamba katika jina hilo ndimo yalimo makosa yote yanayofuata. Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji kwa hiari yake, na mpokeaji hushukuru. Ama deni ni mali ya mdai iliyo mikononi mwa mdaiwa, na anayelipa hana haki ya kusimanga. Watu waliozuiwa shule, kisima, ardhi na hekalu kwa vizazi, huku kazi yao ya kufagia, kuchuna na kubeba ikiwastarehesha waliowazuia, hawaombi, wanadai. Na kijana wa tabaka la juu ambaye hakumfukuza mtu kisimani, hakika hana hatia. Lakini mrithi asiye na hatia huulizwa juu ya deni lililomo ndani ya urithi, na sharia zetu hutaka madeni ya marehemu yalipwe kabla urithi haujagawanywa. Haadhibiwi kwa dhambi ya babu. Anatakiwa asile peke yake kilichochanganyika na haki ya mwingine.

Hata hivyo kuna hoja moja ambayo mtetezi mwaminifu wa mpango huu hawezi kuikimbia, na nafsi yangu imekaa nayo kuliko nyingine zote: mgonjwa hakukopa. Mama aliyelazwa akivuja damu baada ya kuzaa, awe Brahmani au Mahar, hana deni la mtu yeyote saa ile. Anayo haki moja tu, ya kushikwa na mikono inayojua kazi yake. Deni la taifa halilipwi kwa uhai wake. Kama kupunguza alama ni kumpelekea tabibu dhaifu, basi mpango huu umechukua mali ya mtu wa tatu kumlipa wa pili, na dhuluma haiwi haki kwa kubadilisha mahali.

Lakini mgonjwa hakutani na mtahiniwa. Hukutana na mtu aliyekaa chuoni miaka minne na nusu, akaufanya mtihani baada ya mtihani, kisha akatumikia mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake. Mitihani hiyo ya ndani haina alama za tabaka: kima cha kufaulu ni kimoja kwa wote, na asiyekifikia hurudia au huondoka. Kwa hiyo yapo malango mawili, na kila lango lina mwenyewe. Lango la kuingilia ni la wanaotafuta nafasi, na hapo ndipo palipo pahala pa kulipana madeni yao. Lango la kutokea ni la mgonjwa, na hapo hapana deni, hapana nasaba, hapana huruma ya kumpunguzia mtu hata nukta moja. Na filimbi ya Aristotle yafaa tuikumbuke hapa: mtahiniwa bado si mpigaji, bali ni mtu anayeomba kufundishwa kupiga, na anayestahili kuhukumiwa kama mpigaji ni yule anayetoka kwa mwalimu. Majaji walioukubali uamuzi wa Madhya Pradesh mwaka 1981 waliiona tafauti hii, na wale waliolizuia jimbo la Uttar Pradesh mwaka 1999 waliiona vilevile kwa upande wake wa pili, kwa kuwa masomo ya ubingwa yako karibu zaidi na lango la mgonjwa, na kadiri mtu anavyolikaribia lango hilo ndivyo upunguzo unavyopaswa kupungua.

Tena, kujua kazi ni nini kwa tabibu? Mwaka 1929 gazeti la Gandhi, Young India, lilichapa barua ya mwalimu mmoja wa tabaka lisiloguswa katika kijiji kimoja cha Kathiawar, na Ambedkar alikihifadhi kisa hicho katika maandishi yake. Mke wa mwalimu huyo alikuwa amejifungua siku chache tu alipoanza kuhara na kifua kikambana. Daktari wa Kihindu aliitwa. Baada ya kubembelezwa na wakubwa wa mji na kuhakikishiwa ujira wake wa rupia 2, alikubali kuja kwa sharti kwamba asiingie katika makazi yao. Mzazi yule akatolewa nje usiku pamoja na kitoto chake. Daktari akampa kipimajoto Mwislamu mmoja, Mwislamu akampa mume, mume akampa mke. Kikarudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, na daktari akakisoma kwa nuru ya taa, akatamka kwamba ni kichomi, akaenda zake. Dawa ilikuja, daktari hakurudi tena, na mwanamke yule akafariki. Daktari huyu alikuwa na elimu yake, na hapana shaka mitihani yake aliifaulu. Kilichokosekana ni mkono wa kumgusa mgonjwa, na kitu hicho hakimo katika alama 720. Katiba ya 1950 iliipiga marufuku desturi ya kutogusana, lakini nchi ambayo matabibu wake wote wangetoka katika nyumba zile zile zilizorithishana desturi hiyo isingekuwa na kipimo kamili cha ubora wa utabibu wake. Kuwamo kwa mtoto wa Mahar miongoni mwa madaktari ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa maana mgonjwa wa Mahar naye ni mgonjwa.

Baada ya kusema haya yote, sharti niseme pia kwamba upunguzo wa alama ni malipo madogo ya deni kubwa, na mdaiwa anayedhani amekwisha kulipa anajidanganya. Mwaka 2017 binti wa kibarua mmoja wa wilaya ya Ariyalur, katika Tamil Nadu, mtoto wa tabaka lisiloguswa, alipata alama 1176 katika 1200 za mtihani wa jimbo lake. Katika mtihani wa taifa, uliotungwa kwa mitaala mingine na ambao hufaulu zaidi wenye fedha za mafunzo ya ziada, akapata 86 katika 720. Kima cha watu wake mwaka huo kilikuwa 107. Hata mlango uliokwisha kushushwa haukumfikia. Naye, baada ya kulipeleka shauri lake mahakamani na kushindwa, hakuistahimili huzuni ile, akafa. Miaka mitatu baadaye jimbo lake liliwatengea wanafunzi wa shule za serikali 7.5 katika kila nafasi mia, bila kuuliza tabaka, na hilo lilikuwa jema. Lakini kisa chake chatufundisha kwamba anayepunguza alama na kuiacha shule ya kijijini ilivyo amelipa riba ya deni na kuliacha deni lenyewe. Vivyo hivyo anayelipa hana budi kuhakikisha kwamba malipo yanamfikia mwenyewe. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliagiza watoto wa waliokwisha kutajirika katika matabaka mengine yaliyoachwa nyuma waondolewe katika hesabu, na mwaka 2024 iliyaruhusu majimbo kuyagawa matabaka yaliyokuwa hayaguswi ili walio chini kabisa wasimezwe na ndugu zao waliotangulia kuinuka. Huu si udhaifu wa mpango; ni uaminifu wa hesabu.

Na chuo kinachompokea kijana huyu kina wajibu wake. Kumwingiza mtu kwa alama pungufu, kisha kumwacha bila mwalimu wa kumsaidia katika lugha na masomo aliyonyimwa, huku wenzake wakimwita kwa jina la upunguzo wake badala ya jina lake, ni kumlipa mdai mbele za watu na kumtemea mate pamoja na fedha. Mdai aliyelipwa kwa idhilali hakulipwa.

Huulizwa mara kwa mara, mambo haya yataisha lini? Katiba iliweka muda wa miaka 10 kwa viti vya bunge vilivyotengwa, nao umekuwa ukirefushwa kila ulipofika. Kwa nafasi za elimu haikuweka muda wowote, nami naona ilifanya vema, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, wala deni haliishi kwa mdaiwa kuchoka kudaiwa. Mwisho wake utapimika, na kipimo chake ni kile kile kinacholalamikiwa leo: vima viwili vitakapokutana vyenyewe, mwaka baada ya mwaka, pasipo mtu kuvilazimisha, kwa sababu shule ya Ariyalur imefundisha kama inavyofundisha shule ya Delhi, hapo hapatakuwa na upunguzo wa kuufuta. Anayechukizwa na alama zile 30 na azipunguze kwa njia hiyo, darasa kwa darasa na mwalimu kwa mwalimu, na hakuna mtu wa tabaka lolote atakayempinga.